Mugumo wa Thika na Hesabu ya Joto

Mjini Thika kuna bustani iitwayo Mugumo Gardens, na jina hilo lina kisa. Inasimuliwa kwamba Mugo wa Kibiru, mtabiri mkubwa wa Agikuyu, alisema utawala wa wageni ungekoma siku mti wa mugumo uliosimama hapo utakapoanguka. Wazungu, wasimulizi huendelea, walipata habari za utabiri huo na hawakuucheka: waliuzungushia mti chuma na saruji ili usianguke. Mwaka 1963 radi ikaupiga, ukaanguka, na tarehe 12 Desemba mwaka huohuo bendera ya Uingereza ikashushwa.

Kisa hiki kina wasimulizi wengi na kila mmoja hutia chumvi yake. Mimi radi hainishughulishi sana. Kinachonivutia ni ile saruji, kwamba watu wasiomwamini Mugo walitoa fedha kwa sababu ya maneno yake. Leo Thika na mji jirani wa Ruiru zimetabiriwa tena, safari hii na wataalamu wa takwimu na afya ya jamii walioko mbali. Wanasema joto litazidi na litaua. Utabiri wao una majedwali na vipimo, na una hata kurasa za kueleza mashaka yake wenyewe. Lakini hakuna aliyekoroga hata karai moja la zege kwa ajili yake.

Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya ya mwaka 1938, ameeleza alichotabiri Mugo: wageni wenye rangi ya chura mdogo wa majini, nguo zao kama mbawa za vipepeo, fimbo zao zikitoa moto, na nyoka wa chuma atakayetambaa kutoka upande wa bahari kuelekea bara. Miongo michache baada ya maneno ya Mugo reli ilikuwa imefika Thika. Ukiusoma utabiri huo kwa makini utaona kwamba hauna tarehe wala idadi ya watu. Una alama ambazo mtu yeyote mwenye macho angeweza kuzithibitisha mwenyewe, awe mchungaji wa mbuzi au mzee wa kiama, yaani baraza la wazee. Pia una shauri. Mugo aliwaonya watu wake wasiwakimbilie wageni hao kwa mikuki, kwa kuwa mikuki isingefua dafu mbele ya fimbo za moto. Kwa hiyo aliyetabiri msiba ndiye aliyesema watu waishi nao vipi.

Kuhesabu waliokufa kulifanywa kwa njia nyingine. Agikuyu waliandika historia yao katika majina ya marika. Vijana waliotahiriwa msimu mmoja walipewa jina la jambo kubwa la msimu huo, na jina likawafuata hadi kaburini. Kuna rika la Mutung'u, la wakati wa ndui. Kuna Kimiri, la mafua yaliyoizunguka dunia mwaka 1918. Kuna Ndege, la wakati eropleni zilipoanza kuonekana angani. Njaa nazo zilipewa majina, na ile kubwa ya mwishoni mwa karne ya 19 inaitwa njaa ya Ruraya, yaani ya Ulaya, kwa kuwa ilikuja sambamba na wageni. Hii ni rejesta ya kweli, na wanahistoria wa Kenya wameitumia kupanga miaka ambayo haikuandikwa popote.

Katika majina ninayoyajua, sijaona rika lililopewa jina la joto. Msimu wa jua kali una jina lake, themithu, kati ya mvua za mwere na mvua za njahi, na kila mkulima anaujua. Lakini themithu ni msimu wa kawaida, haukuhesabiwa kuwa msiba. Rejesta ya marika ilinasa kile kilichowapiga watu wengi kwa pamoja na mbele ya macho yao. Joto haliui hivyo. Linampata mzee aliye na presha katika chumba chake na mtoto mchanga katika kingine, na kati yao kuna wiki mbili na mitaa mitatu. Mapokeo yaliyoikumbuka ndui kwa zaidi ya miaka mia hayakuwa na mahali pa kuuweka msiba wa namna hiyo.

Mapokeo ya wataalamu yalibuniwa hasa kwa ajili ya msiba wa namna hiyo. Kanuni yake si ngumu. Unachukua vifo vyote vilivyotokea mjini siku kwa siku, kwa miaka mingi, bila kujali daktari aliandika nini. Kando yake unaweka kipimo cha joto cha kila siku. Unachora, na unapata mstari uliopinda kama bakuli: kuna kiwango cha joto ambacho vifo huwa vichache kabisa, na ukienda upande wa baridi au wa joto kutoka hapo, vifo hupanda. Ukishakuwa na mstari huo unauliza: miaka ya 2050 mji huu utakuwa na siku ngapi za joto la kiasi hiki au kile, utakuwa na watu wangapi, na wa umri gani? Unazidisha. Unachopata ndicho kinachoitwa makadirio ya vifo vya joto.

Nitatoa mfano wa kubuni ili msomaji aone ukubwa wa jambo. Chukua mtaa wa watu 100,000. Tuseme hufa watu 2 kwa siku. Tuseme siku ya joto kali huongeza hatari ya kifo kwa asilimia 10. Hiyo ni sehemu ya tano ya mtu mmoja kwa siku. Zikiwapo siku 40 za aina hiyo katika mwaka, ni watu 8. Watu 8 kati ya zaidi ya 700 waliofariki mwaka huo mtaani humo! Hakuna jirani, padri wala muuguzi atakayewatambua. Ni hesabu tu inayoweza kuwaona, na hapo ndipo ninapowavulia kofia wataalamu: wameunda jicho la kuona kisichoonekana.

Tatizo ni mahali jicho hilo lilipofunguliwa. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio yanayonukuliwa hadi leo kila penye mkutano wa tabianchi: kati ya mwaka 2030 na 2050, mabadiliko ya tabianchi yataongeza vifo 250,000 hivi kila mwaka duniani, na kati ya hivyo 38,000 vitatokana na joto kuwapata wazee. Ili kupata hiyo 38,000 walihitaji ule mstari uliopinda, nao msingi wake ulichorwa kwa takwimu za mikoa ya Japani, kisha ukatumiwa dunia nzima. Katika hesabu hiyo, nyanya anayeishi Kiandutu, kijiji cha mabanda pembezoni mwa Thika, anakufa kwa kufuata mstari wa nyanya wa Osaka.

Wengine wamejitahidi zaidi lakini wakakwama pale pale. Antonio Gasparrini na wenzake mwaka 2017 walikadiria vifo vya joto na baridi kwa kutumia miji na maeneo 451 katika nchi 23. Afrika haikuwamo katika kanda walizotolea matokeo. Tamma Carleton na wenzake, katika makala ya mwaka 2022, walikusanya takwimu za nchi 40 hivi, kisha wakabuni njia ya kukadiria kwa zile zisizo na takwimu, wakitumia kipato cha watu na hali ya hewa waliyoizoea. Kazi ni ya werevu wa hali ya juu. Lakini ukitazama takwimu za vifo zilizowafundisha zimetoka wapi, utaona Brazili, Chile, China, Ulaya, India, Japani, Meksiko na Marekani. Kenya imo kwenye ramani ya matokeo, ila haimo kwenye orodha ya waliotoa vifo vyao vikahesabiwa. Mwaka 2020 Luke Harrington na Friederike Otto walieleza sababu kwa takwimu inayochoma: kanzidata kubwa ya maafa duniani ilikuwa na mawimbi ya joto mawili tu yaliyorekodiwa Afrika kusini mwa Sahara tangu mwaka 1900, yenye vifo 71. Kwa miaka 40 hivi tu, Ulaya ilikuwa na mawimbi 83 na vifo zaidi ya 140,000. Anayetaka kuamini kwamba Mwafrika ameumbwa kustahimili jua atafurahia nambari hizo. Mimi ninazisoma kama taarifa kuhusu vitabu vya kusajili vifo.

Ulaya yenyewe ilijifunza kwa uchungu. Agosti 2003 joto liliwaua watu karibu 15,000 Ufaransa, na zaidi ya 70,000 Ulaya nzima kiangazi hicho. Hakuna aliyetangaza. Daktari wa dharura aitwaye Patrick Pelloux ndiye aliyejitokeza kwenye televisheni kulalamika kwamba watu wanakufa, huku wakubwa wakiwa likizo. Mochari zilijaa, ikabidi maiti zihifadhiwe katika ghala la baridi la soko la Rungis, linalouza vyakula vya Paris. Tarehe 3 Septemba watu 57 ambao hawakudaiwa na ndugu yeyote walizikwa kwenye makaburi ya Thiais, na Rais Jacques Chirac akahudhuria. Mwaka uliofuata nchi ikawa na mpango wa taifa wa joto.

Msomaji wa Kenya hushtushwa zaidi na wale 57 kuliko na wale 15,000. Kwetu, kufa bila wa kukuzika ni balaa kuliko kifo chenyewe. Akifa mtu Ruiru, jioni hiyohiyo kuna kikundi cha WhatsApp, kuna mweka hazina, kuna mchango, kuna tangazo redioni, na wikendi kuna basi la kuwapeleka watu Murang'a, Kitui au Siaya. Paris iliwaacha wazee wake peke yao, kisha ikawahesabu mmoja mmoja. Sisi huwasindikiza wetu kwa basi zima la waombolezaji, na tunarudi bila kujua kama siku aliyofariki ilikuwa ya nyuzi 24 au 31.

Nimetaja nyuzi 31, na najua Mmombasa atacheka. Thika iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Mchana wa Februari joto huzunguka nyuzi 27 na 28, na Julai hushuka hadi 22 au 23. Hilo nalo ni joto la kuua? Jibu ni kwamba mwili hauulizi kipimajoto kimesema nini, huuliza umezoea nini, na nyumba inasaidia au inakomoa. Ndiyo maana Mwingereza huzimia katika joto ambalo mtu wa Tana River angelivalia sweta. Na kipimo cha nyuzi 28 hupatikana kwenye kisanduku cheupe chenye kivuli, juu ya nyasi, kwenye kituo cha hali ya hewa. Hakuna anayepanga chumba ndani ya kisanduku hicho.

Ingia chumba cha mabati saa nane mchana mwishoni mwa Februari. Kuta ni mabati, paa ni mabati, hakuna dari. Dirisha ni moja, kama lipo, na limefungwa kwa sababu ya wezi au vumbi. Ukiinua mkono karibu na paa unahisi joto likishuka kama umesimama kando ya jiko. Jiko lenyewe nalo limewashwa, maharagwe yako motoni tangu saa tano, na mtoto amelazwa kwenye kitanda kilicho hatua mbili kutoka hapo. Maji ni ya jerikeni, yananunuliwa, kwa hiyo kuoga mara ya pili ni anasa. Kati ya Desemba 2015 na Februari 2016 watafiti waliweka vipimajoto Kibera, Mathare na Mukuru, mitaa ya Nairobi, wakakuta huko ni joto zaidi kwa nyuzi kadhaa kuliko kituo rasmi cha Dagoretti, kilichoko jiji hilohilo. Kutoka Mathare hadi Githurai na Ruiru ni safari ya matatu moja kwenye barabara kuu ya Thika, na mabati ni yaleyale.

Na kuna wanaofanya kazi nje ya chumba. Wachonga mawe wa machimbo ya Juja na Ndarugu hukaa ndani ya shimo jeupe linalorudisha jua usoni. Wavunaji wa mananasi huvaa nguo nzito na glavu nene kwa sababu ya miiba, jua la saa saba likiwa utosini. Vijana wa mjengo hupandisha zege kwa ndoo hadi ghorofa ya tano. Mama mmoja muuza uji karibu na machimbo alinieleza watu husema nini akianguka mmoja wao: "Hatusemi ni jua. Tunasema alikuwa na presha na hakujua." Baadaye hospitalini fomu nayo itasema moyo, au kiharusi, au figo. Wala hakuna aliyedanganya. Moyo ndio uliosimama kweli.

Pwani kuna mapokeo mengine ambayo wahakiki wa tabianchi huyasahau. Mabaharia na wakulima wa Uswahilini walihesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, siku baada ya siku, kwa makumi, wakajua kaskazi italegea lini, kusi itashika lini, na mbegu ziingie ardhini lini. Watu wa Makunduchi, Zanzibar, bado wanauadhimisha mwaka huo kila Julai. Hii iko karibu na takwimu kuliko utabiri wa Mugo, maana imejengwa juu ya kuhesabu. Udhaifu wake ni mmoja: inadai mwaka ujao ufanane na uliopita. Lakini watu haohao waliacha kitu kingine kisichohitaji kalenda, nacho ni nyumba. Kuta nene za mawe ya matumbawe na vichochoro vyembamba vya Lamu vinavyokaa kivulini mchana kutwa ni utabiri uliojengwa. Nyumba ya mviringo ya Mgikuyu, yenye paa la nyasi, nayo ilikuwa hivyo. Mpangaji wa Ruiru hakurithi hata moja kati ya hizo. Nyumba yake imejengwa na mtu anayepiga hesabu ya kodi, na dari haiongezi kodi.

Hapa nitasimama kidogo upande wa wanaopinga, kwa sababu wana hoja. Katika nyanda za juu za Kenya baridi nayo inaua. Msimu wa gathano, Juni hadi Agosti, wodi za watoto hujaa nimonia. Utafiti wa karibu zaidi na Thika tulio nao ulifanywa na Thaddaeus Egondi na wenzake katika mitaa ya Korogocho na Viwandani, Nairobi, kwa vifo vya mwaka 2003 hadi 2008. Ulionyesha pande zote mbili za lile bakuli: joto lilipopanda juu ya kawaida vifo vya watoto viliongezeka, na baridi ilipozidi nayo ikachukua watu wake. Basi inawezekana kabisa kwamba kwa miaka fulani ongezeko la joto litaokoa watu Limuru huku likiua watu Ruiru, na kaunti ni hiyohiyo moja ya Kiambu. Atakayekadiria kwa wastani wa kaunti atapata sifuri, aende kulala. Wastani wa Limuru na Ruiru ni hali ya hewa ya mahali ambapo hakuna anayeishi.

Jambo la pili ambalo makadirio hutufundisha, na ambalo unabii haukuweza, ni kwamba joto si kiungo pekee. Sensa ya mwaka 2009 ilikuta mji wa Ruiru una watu 238,858; ile ya mwaka 2019 ikakuta 490,120. Mji uliojiongeza maradufu kwa miaka kumi utaongeza vifo vya joto hata jua likibaki lilivyo. Na wengi wa watu hao ni vijana, ndiyo maana leo hatuoni kitu. Kijana wa miaka 25 anayepanga chumba Kihunguro, Ruiru, mwaka 2025 atakuwa na miaka 65 mwaka 2065, ndani ya kundi lilelile ambalo Shirika la Afya Duniani lililihesabu. Tukisema makadirio ya vifo vya wazee tunamzungumzia yeye, anayetuma pesa nyumbani kwa simu na kulipia bodaboda jioni hii.

Ruiru ina taasisi inayojua mambo haya vizuri, ila inayajua kwa kahawa. Kituo cha utafiti wa kahawa kipo hapo tangu katikati ya karne iliyopita. Aina ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, ilizalishwa ili istahimili chule ya buni na kutu ya majani, na kutu hiyo hupenda joto. Kupata mche kama ule kunataka miaka ya kufuatilia miti shambani, mvua ikiandikwa, joto likiandikwa, mti uliougua na uliokufa ukiandikwa. Sina kinyongo na kahawa, naipenda asubuhi. Lakini ni ajabu kwamba katika mji mmoja tunaweza kueleza mche ulikufa katika hali gani ya hewa, na mpangaji aliye ng'ambo ya ua hatuwezi.

Nani basi atufundishe, Mjapani au Mfaransa? Mimi naona mwalimu wetu ni Ahmedabad, mji wa India wenye viwanda vya nguo, vibarua wa mjengo na paa za bati. Mei 2010 joto lilipita nyuzi 46. Watafiti hawakutafuta vyeti vilivyoandikwa kwamba fulani kauawa na joto. Wangepata vichache mno. Walichukua vifo vyote vilivyosajiliwa mjini mwezi huo, wakalinganisha na Mei ya mwaka uliotangulia na ya mwaka uliofuata, wakapata ziada ya watu 1,344. Kwa nambari hiyo mji ukatunga mpango wa joto mwaka 2013, wa kwanza Asia Kusini: onyo hutolewa kabla ya siku ya hatari, wahudumu wa afya hufundishwa, maji huwekwa mitaani, na baadaye paa za maskini zikaanza kupakwa chokaa nyeupe irudishe jua angani. Hakuna hapo kifaa ambacho Thika haiwezi kukinunua.

Kuna pia mafunzo ya karibu yasiyopendeza. Sudan Kusini ilifunga shule zake Machi 2024 kwa ajili ya joto, ikazifunga tena Februari 2025 baada ya wanafunzi kuzimia Juba. Kufunga shule ni kukiri kwamba darasa la mabati ni tanuri. Kuwarudisha watoto nyumbani, kwenye bati jingine, si jibu.

Hukumu yangu basi ni hii. Mugo alisikilizwa kwa sababu alitabiri juu ya mti ambao kila mtu wa Thika angeweza kwenda kuutazama. Makadirio ya leo hayasikilizwi kwa sababu hayana mti wowote kwetu: yanazungumza juu ya dunia, juu ya Afrika, juu ya mwaka 2050, kwa mstari uliochorwa kwa vifo vya watu wengine. Kosa si la hesabu. Hesabu ni nzuri kuliko unabii, kwa kuwa inasema "ikiwa", na penye "ikiwa" pana nafasi ya kufanya jambo. Kosa ni kwamba tumeiacha ifanywe bila sisi.

Na vifaa vya kuingia katika hesabu hiyo viko kwenye kabati la serikali. Sheria ya Kenya inataka kila kifo kisajiliwe. Aliyefia hospitalini hujaziwa fomu ya D1. Aliyefia nyumbani huandikwa na chifu msaidizi kwenye D2 kabla ya kibali cha mazishi. Wengi wanaofia nyumbani hawaandikwi kabisa, na miongoni mwa wanaoandikwa, mara nyingine tarehe inayoingia kitabuni ni ya siku jamaa walipofika ofisini. Kwa mirathi au bima, tofauti ya siku tatu si kitu. Kwa hesabu ya joto, siku tatu zinaharibu kila kitu, maana zinamhamisha marehemu kutoka siku ya nyuzi 31 hadi siku ya mvua.

Kwa hiyo ombi langu kwa Kaunti ya Kiambu na kwa machifu wa Thika, Juja na Ruiru ni dogo na halina gharama ya kutisha. Andikeni siku aliyofariki, na mtaa alioishi, si kijiji alikozikwa. Wekeni vipimajoto ndani ya vyumba vya mabati Kiandutu, Kiganjo na Githurai, si kwenye nyasi za kituo pekee. Wapeni vitabu hivyo wanafunzi wa vyuo vikuu vilivyo Juja na Thika wavisome kwa miaka mitano mfululizo. Na kabla miaka mitano haijaisha, kila mwenye ploti anayesubiri kibali cha kujenga aambiwe jambo moja: hakuna kibali bila dari.